Kijiji Kilichofunga Milango Mchana

Habari za kifo chake nilizipata nikiwa kwenye treni, nikirudi Spånga ninakoishi, kupitia lile kundi la WhatsApp la Waswahili wa Stockholm ambalo wasomaji wangu wa siku nyingi wameshanisikia nikililalamikia. Juu ya tangazo hilo palikuwa na mtu anayeuza unga wa muhogo, na chini yake mtu mwingine, ambaye bila shaka hakusoma kabla ya kutuma, alikuwa akimtakia mwanawe heri ya kuzaliwa kwa picha za keki na maputo. Katikati ndipo alipokuwa yeye: picha yake akiwa na sare ya udereva wa basi, na maneno machache kwamba baba yetu ametutoka kwa kiharusi na matanga yako nyumbani kwake Rissne. Nilisoma mara mbili. Kisha nikateremka, nikaingia dukani, nikasimama foleni nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa akitafuta miwani yake, nikanunua maziwa na mkate, nikaenda nyumbani kupika chai. Nawaambia haya mapema msije mkanidhania vingine. Sikulia. Sikusikia kitu. Wiki kadhaa zimepita na bado, nikijipapasa kuitafuta huzuni, naikuta imekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na sijui lini nitaweza kuukanyagia.

Wala sikuwa wa kupewa pole katika kifo hicho. Hatukuwa marafiki kwa maana ya kutembeleana na kula Krismasi pamoja. Alikuwa dereva wa basi ninalopanda kwenda kazini, na tulijuana kwa ajili ya simu yangu. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nikiongea na dada yangu aliye Voi kwa ile sauti tunayoitumia tunapopiga nyumbani, utadhani tunataka isikike huko bila msaada wa mtandao. Taa nyekundu ilipotusimamisha, dereva alinitazama kwenye kioo akasema, “Weye Mukenya, dada yako ataolewa ao hapana? Batu bote mu basi banangojea jibu.” Hakuna Mswidi aliyegeuza shingo, walikuwa wanatazama madirishani, kila mmoja dirisha lake. Nilicheka hadi nikapitiliza kituo changu. Tangu siku hiyo akawa ananiita Mukenya nami nikawa namwita kaka, kwa kuwa alinizidi umri, na urafiki wetu, kama ulistahili jina hilo, ulipatikana kwenye taa nyekundu za jiji hili, sentensi mbili hapa na tatu pale.

Alitoka mashariki ya Kongo, kwenye kijiji kilicho mlimani juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Yeye na mkewe walipitia kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kuletwa huku, na watoto wao wamekulia Rissne, wanamwelewa baba kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiswidi. Mpaka hapo hana tofauti na wengi tunaowajua. Kilichomtofautisha ni kwamba kila majira ya kuchipua, wakati wenzake wanabana likizo zao ili Desemba waende kuwaona ndugu, yeye alikuwa anaifungua baiskeli vipande vipande, anaipanga ndani ya boksi, anapanda ndege kwenda kusini kabisa mwa Italia, pale kwenye kisigino cha nchi ile, sehemu waitayo Pulia. Huko aliiunga tena, akapakia mikoba miwili pembeni, akapotelea kwenye vijia vya mashambani kwa siku zake kumi au zaidi. Peke yake. Hakuna mashindano, hakuna kundi, hakuna hata mtu wa kumpiga picha.

Ni vigumu kumweleza mgeni jinsi jambo hilo lilivyoonekana la ajabu katika watu wetu. Kwetu baiskeli ni kazi. Inabeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, kreti za soda, mgonjwa wa kwenda zahanati, na anayeipanda ni yule ambaye bado hajapata pikipiki. Mtu aliyekwisha kufika Ulaya, akapata kazi yenye sare na pensheni, akarudi tena kwenye baiskeli kwa hiari yake, halafu akapande vilima juani hali hafukuzwi na mtu, huyo ana lake jambo. Isitoshe kulikuwa na ile kaptula. Ilikuwa nyeusi, ya kubana, na wazee wa kanisa lake waliwahi kumwona nayo akijaribu baiskeli kwenye maegesho ya Rissne, na nasikia mada hiyo ilizungumzwa kwa upole katika kikao kisichohusika nayo. Tena mtu mwenyewe kutwa nzima yuko barabarani anaendesha basi. Likizo ikifika anaenda wapi? Barabarani. Nilimuuliza hivyo siku moja kwenye taa nyekundu. Alisema, “Barabara ya hapa iko na batu,” na taa ikageuka kijani.

Basi watu walitafuta maelezo, na maelezo yaliyopatikana ndiyo yale yale ambayo hupatikana kila mume anaposafiri peke yake. Iko na bibi kule, yaani ana mwanamke. Wapo waliosema ni Mkongo mwenzao aliyevuka bahari akakwama Italia, wapo waliosema ni Mwitaliano mwenye shamba la mizeituni, na mmoja, fundi wa kuongeza chumvi, alishajua hadi idadi ya watoto. Mkewe aliyasikia yote. Katika jamii ndogo kama yetu hakuna umbea usiomfikia mwenyewe, maana tunakutana kwenye misa, kwenye vipaimara, kwenye duka lile lile la samaki wakavu. Niliambiwa kwamba alikuwa akijibu, “Mungu anajua,” na kuendelea na shughuli zake. Nami niseme kweli, mwaka ule aliponiambia, “Mukenya, nunua baiskeli, twende,” nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumwona huyo mwanamke.

Nilichokiona ni mizeituni. Sijawahi kuona mizeituni mingi kiasi kile, mizee, iliyojinyonganyonga, mingine imepasuka shina katikati na bado ina majani. Vijia vya huko vilikuwa vyembamba, lami imechanika, huku na huku kuna kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila saruji, na chini ya kuta hizo maua mekundu yaliyojiotea. Tulikaa nusu saa nzima bila kukutana na gari. Mara mkulima kwenye trekta anainua kidole kimoja kukusalimu, mara mbwa wa kondoo anatufukuza mpaka mwisho wa eneo lake na kurudi akiwa ametimiza wajibu. Maji tulijaza kwenye mabomba ya viwanja vya vijiji, mchana tulikula mkate na nyanya, jioni tulilala kwenye nyumba za wageni ambazo wenyewe walimjua wakamwuliza hali ya barafu. Nilipata pancha mbili na maumivu ya matako nisiyoyasahau. Yeye hakuwa na haraka. Alikuwa anapanda kilima kwa gia nyepesi, ananingojea juu, anatazama mashamba, anasema “Bon,” tunaendelea. Nilijisikia mtulivu kwa namna ambayo Stockholm, pamoja na ukimya wake wote, haijawahi kunipa, kwa kuwa ukimya wa ngazi za jengo langu ni wa watu waliojizuia kusema, na ule ulikuwa wa mahali pasipo na mtu wa kujizuia.

Siku ya nne hivi aliamka tofauti. Alifunga mikoba kabla sijanywa kahawa, akaendesha mbele bila kunigeukia, na nilipolalamika alisema ni lazima tufike kijiji fulani kabla watu hawajafungua. Nikadhani anasema duka. Tulifika jua likiwa utosini. Kilikuwa kijiji cheupe juu ya kilima, nyumba zimebanana, uwanja mdogo wenye kanisa, bomba la maji na benchi mbili za mawe. Milango yote ilikuwa imefungwa. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, yale ya mbao yenye vibao vya kulala. Viti vya plastiki vilikuwa vimeachwa nje ya kilabu cha kahawa, kimoja kimeanguka. Kwenye kamba kulikuwa na shuka zinazokauka. Hapakuwa na sauti, hata ya redio. Alisimamisha baiskeli ukutani, akakaa kwenye benchi, akanipa mkate. Nilimwambia basi tusonge, tutafute mahali penye watu. Akasema, “Tungoje.” Nikamuuliza tunangoja nini. “Bafungule.”

Pale kwenye benchi ndipo aliponisimulia, bila kunitazama, akikata nyanya kwa kisu kidogo. Mara ya kwanza kufika katika nchi ile alikuwa ameletwa na madereva wenzake Waswidi, waliopenda baiskeli na kumtania hadi akakubali. Siku hiyo alikuwa mbele yao, akaingia kijiji kile kile peke yake saa kama zile. Akaona milango, akaona viti, akaona shuka kwenye kamba. Aligeuza baiskeli pale pale. Alishuka kile kilima bila kushika breki, na alipokutana na wenzake njiani aliwasimamisha kwa mikono miwili akawaambia wasiende, watu wa kule wamekimbia. Waswidi hao walistaajabu, kisha wakaelewa, wakamweleza kwa upole kwamba nchi hii watu hula na kulala mchana jua likiwa kali, na wote wako ndani. “Banalala,” aliniambia, akitikisa kichwa. “Kijiji muzima. Mutu na akili yake anafunga mulango mchana, analala. Nilicheka nabo.”

Nilicheka mimi pia. Kwani si kichekesho? Mtu mzima, dereva wa basi, anawakimbia watu waliolala baada ya kula makaroni. Alisubiri nimalize, akaendelea kwa sauti ile ile. Kwao Kongo, alikuwa kijana, ameoa karibuni, hawana mtoto bado. Alishuka ziwani na baiskeli kuuza mihogo, akalala huko, kesho yake akapanda mlima kurudi. Njia ilikuwa imenyamaza. Alipofika kijijini ilikuwa mchana na milango yote ilikuwa imefungwa, na viti viko nje, na nguo ziko kwenye kamba. Akafika mbele ya nyumba yake. Mlango umefungwa. Aliita jina la mkewe, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Nilimuuliza alipofungua aliona nini. “Sikufungula,” akasema. “Niliikala chini, mbele ya mulango. Nilisema moyoni, nikifungula nitaona. Nisipofungula, bado iko mzima. Nikangojea afungule yeye.” Alikaa hapo hadi jua lilipoanza kuzama na watu wa kilima kingine waliokuwa wakikimbia wakamnyanyua, wakaenda naye. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimekimbia vita alfajiri. Alikuja kumkuta mkewe kambini baada ya muda mrefu, mzima wa afya. Yeye akamdanganya kwamba habari alizipatia sokoni, akakimbia kutoka huko huko na wenzake. “Nimwambie nini? Kwamba nilifika pa mulango nikashindwa kufungula? Kwamba kama alikuwa ndani na kidonda, ningemwacha afe, miye niko inje nimeikala? Mwanaume gani huyo?” Akanipa kipande cha nyanya. “Usiandike hii, Mukenya. Bibi yangu hajui.”

Tulikaa. Jua lilitambaa kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda wa pili, nasi tukahama benchi kulifuata kivuli. Nilisinzia kidogo. Niliamshwa na mlio wa dirisha la mbao likisukumwa, kisha jingine, na mama mmoja akatoka na kitambaa cha meza akakikung’uta makombo. Mwenye kilabu aliinua bati la mlango, akakiinua na kile kiti kilichoanguka. Wazee wakatoka mmoja mmoja, nywele zimelala upande, wakaketi kwenye nafasi ambazo nadhani ni zao tangu ujana. Mtoto akatoka na mpira. Redio ikawashwa. Mwenzangu hakumsalimu mtu wala hakutaka kahawa. Alikuwa anazungusha macho nyumba kwa nyumba, akitikisa kichwa kidogo kila mlango ulipofunguka, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwenye kile kioo cha basi. Uwanja ulipojaa kelele alisimama, akajikung’uta kaptula, akasema, “Bon. Twende.” Ndicho alichokuwa anakifuata kila mwaka, na nilipokielewa niliona haya kwa yale niliyokuwa nimeyaendea.

Kwa kawaida ya nchi hii maiti hazikwi upesi. Zinangoja zamu wiki tatu, nne, na matanga yetu, ambayo yalibuniwa kwa ajili ya siku chache za jua, yanabidi kunyooshwa hadi yachakae. Watu wanakuja jioni baada ya kazi, wanaacha viatu kwenye korido, wanakula, wanaimba kwa sauti ya chini kwa ajili ya majirani, wanakimbilia treni. Nilikwenda siku ya mwisho, mkesha wa maziko, ingawa hakuna aliyekesha. Saa nne usiku sharti jengo liwe kimya. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye magodoro pamoja na mjane, wanaume kwenye viti vya kuazima. Mjomba wa marehemu, mzee anayeishi Farsta, alisimama akaomba kimya. “Ndugu zangu, kesho tunamuzika,” alisema. “Kwetu iko desturi, munaijua. Mutu hazikwi na neno ndani. Kama iko mutu anajua kitu ya huyu baba yenye sisi hatujui, iko mutoto mahali, iko bibi mwingine, aseme sasa, tusikie bote. Kila mwaka alikuwa anaendaka Italia. Alikuwa anaendaka kufanya nini?”

Siwezi kusema mzee alikosea. Desturi ina maana yake. Nimeona maziko yaliyoingiliwa na watoto wasiojulikana, na aibu ile haisahauliki. Ila niliwaona wanawake kwenye magodoro wakiinamisha nyuso, na nikamwona mjane, ambaye hakuinamisha. Alikuwa mkavu. Niliambiwa hakutoa chozi tangu hospitali, na wapo waliolisema hilo pia kwa tafsiri yao. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akigawa chai, alisimama na birika mkononi akasema kwa Kiswidi, “Han bara cyklade,” yaani baba alikuwa anaendesha baiskeli tu, si zaidi. Mzee alimtazama kama anayemtazama mtoto. Hapo macho yakanigeukia mimi, maana ilijulikana kwamba niliwahi kwenda naye.

Nilisimama nikawaeleza. Nilisema hakuna mwanamke. Nilisema tulipanda vilima, tukala mkate na nyanya, tukafika kijiji ambacho watu wake hulala mchana, tukakaa uwanjani tukangoja waamke, walipoamka tukaondoka. Nikaishia hapo, kwa sababu yaliyobaki niliombwa niyafunge. Mtu nyuma akaguna, na mwingine akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. “Alikata tiketi ya ndege,” mzee alisema polepole, “akaenda Italia, kuangalia bazungu wakiamka.” Nikasema ndivyo. “Kila mwaka.” Ndivyo. Akaketi. Nadhani hakuna aliyeniamini, na sikuwalaumu, kwa kuwa hata mimi niliyasikia maneno yangu yakitoka kama ya wakili aliyelipwa vibaya. Bibi wa Kiitaliano mwenye watoto wawili wangemwelewa na kumsamehe. Kungoja milango hawakuwa na pa kukuweka.

Watu walipoanza kutafuta viatu vyao, mjane aliniita jikoni. Alikuwa anakusanya sahani kwenye beseni, na hakuacha kufanya hivyo. “Shemeji,” alisema, “pale mbele ya batu umesema nusu.” Nilimwambia kwamba nusu ile nyingine niliombwa nisiiseme. Akasuuza sahani moja, akaiweka. “Ameomba akiwa mzima. Sasa miye njo niko mzima.” Nikasimama na kitambaa cha kukaushia vyombo, sijui nani alinipa. Nilifikiri juu ya ahadi, na juu ya kesho yake kaburini, na juu ya wale wanaokohoa. Kisha nikamwambia. Nilimwambia njia ilivyonyamaza, milango ilivyofungwa, nguo kwenye kamba. Nilimwambia aliita jina lake mara moja.

Aligeuka. “Alifika?” aliuliza. Nikasema alifika. “Pa mulango yetu?” Pa mlango wenu. Alisema hapana, mumewe alikimbia kutoka huko sokoni na wenzake, alimwambia mwenyewe kambini. Nikamwambia alichoniambia, kwamba aliogopa kufungua, kwamba alikaa chini akangoja afunguliwe, kwamba watu walikuja kumnyanyua jioni, kwamba hilo ndilo alilolionea aibu maisha yake yote. Mjane alikausha mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. “Ni miye nilifunga ule mulango,” alisema. “Batu banakimbia, banapiga kelele, miye nikarudi kuvuta mulango, kuku wasiingie.” Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye bomba na hakuna kati yetu aliyeyafunga. “Unajua, shemeji, miaka yote hii, nikimuona anapanga ile baiskeli, nilikuwa nasemaka moyoni, huyu ni mutu wa kuondoka. Aliondoka siku ile, hakurudi kuniangalia. Nikamupikia, nikamuzalia, nikamuheshimu. Lakini lile neno lilikuwa hapa.” Aligusa kifua. “Kumbe alirudi.” Alisema tena, kama anayelijaribu mdomoni, kumbe alirudi, na ndipo alipokaa sakafuni pale jikoni na kuanza kulia kwa sauti ambayo nina hakika majirani wote wa jengo waliisikia. Wanawake walikuja mbio. Walidhani nimemletea habari za yule bibi wa Italia.

Tulimzika kesho yake, kwenye ardhi iliyokuwa bado ngumu kwa baridi, na mjane alitembea mbele ya jeneza bila kushikwa mkono. Kabla hatujaachana aliniambia, “Andika. Lakini usitaje jina yetu.” Kwa hiyo nimeandika, na jina sikulitaja.

Mimi bado sijalia. Huenda huzuni itakuja, huenda isije, nimeacha kuisubiri. Asubuhi napanda basi lile lile, dereva ni kijana mpole asiyejali simu zangu, nami napiga kwa sauti ya chini. Ninachokifikiria njiani ni wale wawili, kitanda kimoja, meza moja ya Rissne, mmoja akiamini hakurudiwa na mwingine akiamini kurudi kwake hakukutosha kuitwa kurudi. Tunadhani wanaotuzunguka wanajua. Tunadhani kazi, kodi ya nyumba na sahani ya chakula zimekwisha kutusemea. Na kile tulichokifanya nusunusu kwa hofu tunakifunika kwa aibu, tunampa mwenzetu uongo mdogo ulio safi, kisha tunazeeka naye juu ya uongo huo. Msomaji wangu, kama uliwahi kumrudia mtu wako naye hajui, mwambie leo. Mwambie hata kama ulifika mlangoni ukashindwa kufungua.